Mwenye Kwao Haungui

Saa nne kasoro usiku, na jua ndiyo kwanza linazama. Kwa mtu wa Tanga hilo peke yake linatosha kukuvuruga. Kwetu saa moja giza limeshaingia, adhana ya magharibi imeshapita, na mtoto ambaye hajaoga anatafutwa kwa kandambili. Huku San Pedro Manrique, kaskazini mwa mkoa wa Soria nchini Hispania, tarehe 23 Juni, watoto walikuwa bado wanakimbizana barabarani kana kwamba ni alasiri. Juu kilimani, mbele ya kanisa dogo la Bikira Maria wa Mwamba, Virgen de la Peña kwa lugha yao, rundo la kuni za mwaloni lilikuwa limeshashika moto.

Kiasi cha tani mbili za kuni. Nilifika nikidhani nitakuta moto wa sherehe, ule wa kuuzunguka na kuimba. Kumbe moto wenyewe hawana haja nao. Wanachokisubiri ni makaa, wapite juu yake kwa miguu mitupu.

Aliyenipeleka ni mwenzangu wa kazini. Mimi naishi Zaragoza mwaka wa sita sasa, na yeye kazaliwa Zaragoza, kasoma Zaragoza, kaolewa Zaragoza, lakini ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu San Pedro bila kupepesa. Mama yake ndiye aliyezaliwa kijijini. Kila mwaka, ikikaribia sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, anaomba ruhusa kazini kwa sauti ile ile ambayo watu wetu huomba ruhusa ya msiba: haombi, anaarifu. Mwaka huo akaniambia kuna nafasi garini. Mbele alikaa kaka yake akiendesha, pembeni yake mama yao, ambaye tangu siku ya kwanza namwita bibi, naye ameshazoea neno hilo ingawa halijui maana. Amevuka miaka themanini na uzito wake haufiki gunia la mahindi.

Tukaupita mlima Moncayo ukiwa kushoto kwetu, kisha barabara ikaanza kupanda na kujikunja, na nyumba zikaanza kuadimika. Mkoa wa Soria una zaidi ya kilomita za mraba 10,000 na watu wake wote hawafiki 100,000. Unaweza kuendesha dakika ishirini usikutane na gari. Unapita kijiji ambacho kanisa limesimama na paa la kila nyumba limeanguka. Bibi alikuwa akivitaja vijiji kwa majina kadiri tunavyovipita, na katika kila kimoja alikuwa na mtu: hapa alioa binamu yangu, hapa walikuwa na fahali mbaya, hapa mama alikuwa akileta mayai. Kaka mtu alikuwa akiitikia “ee, mama” kama mtu anayesikiliza redio.

Kijiji hiki ukitaka kukielewa, anza na kondoo.

Nchi hii ya juu, Tierras Altas wanavyoiita, iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Baridi yake si ya mzaha. Theluji ikianguka majani yanatoweka, na mwenye kondoo ana mawili: awachinje au awapeleke kusini. Kwa karne nyingi waliwapeleka kusini. Mwaka 1273 mfalme Alfonso X wa Kastilia aliwapa wafugaji hati na haki zao chini ya chama kilichoitwa Mesta, na chama hicho kikadumu hadi 1836. Humo ndani kulikuwa na utajiri wa ajabu, maana sufu ya kondoo wa merino ilisafirishwa hadi Flandria na kwingineko. Njia za mifugo zililindwa kwa sheria. Njia kuu ilipaswa kuwa na upana wa vara 90, sawa na mita 75 hivi, na mkulima aliyethubutu kulima ndani yake alijitafutia kesi. Njia kuu ya Soria ya mashariki inashuka kiasi cha kilomita 800 hadi upande wa Sevilla. Ni kama kutembea kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya nyuma ya kondoo, ukilala nje, na mwakani unaanza tena.

Wanaume waliondoka mwezi wa kumi, wakarudi mwezi wa tano au wa sita. Kwetu pwani hesabu hii tunaijua kwa majahazi, kaskazi na kusi. Wao walikuwa na theluji na majani. Miezi saba kijiji kilikuwa cha wanawake, watoto na wazee. Baba yake bibi alikuwa mchungaji. Ananiambia kwamba utotoni baba kwake alikuwa mtu wa kiangazi, kama vile cheri.

Basi waza sikukuu inayokuja mwezi wa sita, wanaume wamesharudi, mchana ndio mrefu kuliko siku zote za mwaka. Hata kama hujui historia yoyote nyingine ya mahali hapa, utaelewa kwa nini watu waliwasha moto.

Kisha sufu ikashuka thamani, wachungaji wakapungua, na katika miaka ya 1960 mambo yakaenda mbio. Viwanda vya Zaragoza, Barcelona na Bilbao vilihitaji mikono. Trekta ilifanya kazi ya watu kumi. Serikali ikanunua mashamba ya watu wa milimani na kupanda misonobari, na ukiuza shamba ambalo kondoo wako walikuwa wakilisha, hutabaki kuangalia miti ikikua. Jirani kabisa na San Pedro kuna kijiji kinaitwa Sarnago, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1970 kilibaki hakina mtu hata mmoja. Waliotoka huko na watoto wao wakaunda chama, na tangu wakati huo wanarudi kila kiangazi kujenga ukuta mmoja, paa moja, chemchemi moja. San Pedro yenyewe haikufa. Ina watu 600 hivi, ina viwanda vya soseji na nyama za kukausha, na kazi hizo zimeleta hata wageni kuja kuishi. Lakini uwanja uliojengwa kuzunguka mahali pa makaa, wenye ngazi za kukalia kama uwanja wa mpira, unachukua watu 3,000. Kijiji kimejijengea kiti cha wageni mara tano ya wenyeji wake, na kwa usiku mmoja viti hivyo vinajaa.

Alasiri tulikaa nje ya baa. Vijijini huku mzee hawamwiti kwa jina tupu, wanatanguliza neno tío, yaani mjomba, hata kama hamna udugu. Niliposikia hivyo nilijisikia nimefika mahali pa watu wenye adabu. Na mgeni hawamuulizi unatoka wapi. Wanamuuliza: wewe ni wa nani? Ukijibu jina lako hujajibu. Inatakiwa jina la babu, nyumba iliyo karibu na kisima, jina la utani la ukoo. Mimi niliulizwa hivyo na mzee mmoja mwenye bereti, akanitazama usoni, akajijibu mwenyewe: “Huyu si wa mtu.” Tukacheka wote.

Kisha akamgeukia kaka mtu. “Na wewe mwaka huu unapita?”

“Napita.”

“Unambeba nani?”

“Mama.”

Mzee akanywa kidogo, akaweka glasi chini. “Wa hapa haungui,” alisema. “Wewe ulizaliwa wapi vile?”

Ndiyo imani yao, na wanaisema bila kutabasamu: mzaliwa wa San Pedro akipita juu ya makaa haungui, mgeni akijaribu anaungua. Kila mtu ana kisa cha mgeni mmoja aliyekunywa akajiona simba, akapita, akapelekwa hospitali. Kaka mtu hakujibu. Bibi, aliyekuwa akimenya karanga, alisema bila kuinua kichwa kwamba kitovu cha mtoto si mali ya hospitali. Sikuwa na hakika nimemsikia vizuri, nikamuuliza mwenzangu, akaniambia ndivyo alivyosema.

Kuhusu kutoungua kwenyewe, fizikia ina maelezo yake na hayahitaji muujiza. Kaa la mti ni jepesi, lina matundu, halipitishi joto upesi kama chuma, na juu yake kuna majivu. Unyayo ukigusa kwa muda usiofika nusu sekunde, joto linalopita ni dogo. Wenyeji wanayajua haya kwa njia yao. Watakwambia usikimbie, usitembee kwa vidole, kanyaga unyayo mzima, kwa nguvu, kama unaponda kitu. Watakwambia pia kwamba kubeba mtu mgongoni kunasaidia, kwa sababu uzito unakufanya ukanyage sawasawa. Na wale wanaume wanaotandaza makaa kwa miti mirefu, hupiga na kuchambua hadi zulia zima limelala laini, kwa sababu jiwe dogo au kipande cha chuma kilichojificha humo ndicho kitakachokupasua mguu. Kwa hiyo siri ya kwanza ya makaa ya San Pedro ni ufagiaji mzuri. Jambo la kuuliza ni kwa nini mtu apite kabisa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark walikwenda huko na mashine za kupima mapigo ya moyo. Waliwafunga waliopita, wakawafunga ndugu zao na marafiki waliokaa kutazama, wakawafunga pia wageni wasio na uhusiano na mtu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Moyo wa aliyepita na moyo wa ndugu yake aliyekaa kwenye ngazi ilipanda na kushuka kwa mpangilio mmoja, na huyo aliyekaa hajakanyaga chochote. Ya wageni haikufuata. Waliopita, walipoulizwa, walijieleza kuwa walikuwa watulivu tu, na mashine ikawa na maneno mengine. Nilimsimulia mwenzangu utafiti huo tukiwa njiani. Akasema walikuja na mashine kupima kitu ambacho mama yake angewaambia bure.

Saa tano na nusu tulipanda kilimani. Moto ulikuwa umeshaanguka. Ngazi zimejaa, watu wamebebana mabegani, simu juu. Katikati wale wanaume wenye miti mirefu walikuwa wakitandaza, na kila wakipiga cheche zinapanda. Nilikuwa nimekaa mbali na bado uso ulikuwa unanibana kwa joto. Zulia lenyewe si refu, hatua tano sita. Kwenye picha linaonekana dogo zaidi. Ukiwa pale unaliona linapumua, jekundu, jeusi, jekundu.

Kisha wakaingia Móndida watatu.

Hawa ni wasichana wa kijiji, huchaguliwa kwa kura mwezi wa tano, na kwa sikukuu hii wao ndio mabibi harusi wasio na bwana harusi. Asubuhi ya tarehe 24 huvaa nguo nyeupe na kubeba kichwani kapu lililopambwa kwa maua na utepe, ambamo vimechomekwa vijiti virefu vilivyofunikwa kwa unga uliookwa, rangi ya zafarani. Ukiuliza wanawakilisha nini utapewa majibu zaidi ya unayoweza kubeba. Wazee wanasema ni ukumbusho wa wasichana mia moja ambao Wakristo walilazimika kuwatoa kila mwaka kwa mtawala Mwislamu wa Córdoba, hadi mfalme Ramiro I alipokataa na kushinda vita vya Clavijo mwaka 844. Wanahistoria wanasema vita hivyo havikupiganwa. Wapo wanaorudi nyuma zaidi, kwa Waceltiberia walioishi huku kabla ya Warumi, wale wale walioshindwa na Warumi katika mji wao wa Numancia mwaka 133 kabla ya Kristo, wakawaona wasichana hawa kama makuhani wa mavuno. Mimi si msomi wa mambo haya. Ila hadithi ya mtawala Mwislamu na wasichana mia nimeisikia Hispania katika vijiji vingi mno kuiamini, na nikilitazama kapu lile naona mkate tu. Kijiji cha wanawake kilichopitisha msimu wa baridi kimeweka mkate kichwani kwa binti. Kwangu hilo linatosha.

Usiku ule hawakuwa na makapu. Tarumbeta ililia, na wao ndio waliotangulia, kila mmoja mgongoni kwa mwanamume. Wa kwanza alipita kama anashuka ngazi za nyumbani kwake. Uwanja ukalipuka. Halafu wengine: mume na mke, baba na binti wa miaka sita aliyefumba macho, kijana na kijana mwenzake anayecheka. Wanapita, wanafika ng’ambo, wanapokewa kwa kumbatio la watu watano kwa mpigo. Baada ya watu kumi nilianza kuzoea, aibu ilioje.

Kisha mwenzangu akanishika mkono, juu kidogo ya kiwiko, na nikajua zamu imefika.

Kaka mtu alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Miguu yake ilikuwa myeupe sana, miguu ya mtu wa ofisini. Bibi alikuwa ameshavuliwa viatu na sweta, na alipandishwa mgongoni na wanaume wawili, akamshika mwanawe shingoni, akaweka kidevu begani kwake. Kwetu mama ndiye mwenye mgongo. Mtoto anafungwa mbeleko, anasinzia, anayaona mambo ya dunia kupitia bega la mama. Sikuwahi kuiona picha hiyo imegeuzwa. Bibi alimwambia kitu sikioni. Baadaye nilimuuliza ni nini, akasema alimwambia asimame wima, maana tangu mtoto ana tabia ya kupinda mgongo.

Tarumbeta. Hatua ya kwanza nzito, ya pili nzito, makaa yakizama na kuinuka pembeni ya unyayo. Hatua ya tatu nilidhani ameyumba. Mkono wa mwenzangu uliniingia hadi mfupani. Nne, tano, na wakawa ng’ambo, na bibi akawa ameinua mkono mmoja juu kama mchezaji aliyefunga goli. Mwenzangu alikaa chini. Alikuwa anapumua kama aliyepanda kilima mbio, akasema ngoja, ngoja kidogo.

Nyumbani, saa nane za usiku, jikoni kulikuwa na mkate uliochovywa maji na kukaangwa kwa vitunguu saumu na pilipili nyekundu, chakula cha wachungaji, na soseji ambazo mimi nilipitisha kwa jirani. Kaka mtu aliweka miguu kwenye beseni. Maji yakageuka kijivu. Bibi alipiga magoti, mtu wa miaka themanini na ushee, akachukua kitambaa, akaanza kuzisugua nyayo moja moja kama anaosha viazi. Mguu wa kushoto alikawia. Niliona, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake na taulo: chini ya kidole gumba, lengelenge, ukubwa wa punje ya mahindi. Alilitazama. Mwanawe alimtazama. Hakuna aliyesema neno. Akaukausha mguu huo kwanza, akauvalisha soksi.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa nje. Wakubwa wa kijiji walikuwa wameshazunguka mabaki ya ukuta wa zamani juu ya farasi, farasi wenyewe wakakimbizwa, na Móndida, sasa wakiwa na makapu yao kichwani na shingo zimenyooka, walipita katikati ya watu polepole kama wanaobeba maji. Baadaye walisimama uwanjani kusoma mashairi yao. Kaka mtu alikuwa na kiatu cha ngozi na alikuwa akichechemea, kidogo sana, ila kwa mwenye macho alikuwa akichechemea.

Yule mzee wa bereti alikuwa amesimama karibu na mlango wa baa. Alitazama uso, akashuka hadi kwenye kiatu, akapanda tena usoni. Akafungua mdomo.

“Ni viatu,” bibi alimuwahi. “Viatu vya Zaragoza vinabana.”